Salamu Zilizomfikia Jotham

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, chumbani mwangu Kayole, miaka ya tisini.

Mume wangu Jotham alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alipenda kipindi kimoja cha redio cha Jumapili jioni: muziki mtupu wa filimbi na gita, wa polepole, usio na mwimbaji. Kilipoanza kilikuwa cha nusu saa tu, na wapangaji wote wa ploti yetu walitucheka.

"Mama Rose!" jirani yangu Mama Akinyi aliita siku moja akifua nguo. "Huyo mwimbaji wenu mbona haanzi? Bado anavaa viatu?"

Jotham alicheka tu. Alifunga waya wa redio kwenye msumari wa dirisha, akaketi kwenye kigoda chake, akafumba macho.

Kisha akaugua, akafa, tukamzika kwao Vihiga. Na kipindi, ajabu, kikakua. Watu walituma kadi za salamu, kikawa saa nzima, halafu mbili. Ukitoka bombani na ndoo yako Jumapili, muziki ule ulikufuata mlango hadi mlango. Hata kwa Mama Akinyi! Niliona wivu. Kitu chetu kilikuwa cha watu wote, na mwenyewe hayupo.

Basi nikanunua kadi. Unajua salamu za redio, watu huandika majina ya jamaa na marafiki walio hai. Mimi niliandika jina moja: Jotham, popote alipo.

Jumapili hiyo stima zilipotea jua likizama, nikawasha koroboi, taa yangu ya mafuta, lakini redio yangu ilikuwa ya betri, na nilikuwa nimezianika juani zipate nguvu. Mtangazaji akasoma: "Mama Rose wa Kayole anamsalimu Jotham, popote alipo." Muziki ukaanza, ukikwaruza. Mtu akabisha hodi.

Aliingia mwanamume, kofia imemfunika uso. Sikumuuliza yeye ni nani. Wewe ungeuliza? Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaukaza waya kwenye msumari, sauti ikasafika. Akaketi kwenye kigoda. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilitaka tu muziki usiishe.

Ulipoisha alisema, "Mama Rose, salamu nimepata. Lakini ukiniita lazima nije, na ni mbali."

Nikaishusha koroboi. Miguu yake ilikuwa mitupu, kama tulivyomzika, imepasuka, imejaa udongo mwekundu kama wa Vihiga. Na Kayole udongo wetu ni mweusi.

"Kaa basi," nikamwambia.

"Siwezi, mama."

Alipotoka nilimkimbilia. Mama Akinyi alikuwa ameketi mlangoni pake, palipo njia ya pekee ya kutokea.

"Amepita wapi?"

"Nani? Hakuna mtu amepita hapa. Mbona unalia?"

Nilirudi ndani. Udongo mwekundu ulikuwa bado sakafuni, chini ya kigoda.

Nilinunua kadi nyingine. Iko nyuma ya redio mpaka leo, haina jina. Muziki ukianza mkono wangu huitafuta, halafu naikumbuka ile miguu, nairudisha kadi mahali pake. Nawe, ukituma salamu, hakikisha unayemsalimu yu hai. Aliyelala mwache alale. Atakuja kweli, na itabidi umwone akirudi alikotoka.

Hata hivyo, viatu vyake vya kazini nimeviweka karibu na mlango.