Mjomba Aliyejua Makaburi ya Wafalme

Harufu ya majani ya migomba yanayoozea matopeni ndiyo hunirudisha Kisondela, msimu ule wa mvua Mjomba aliporudi kutoka Ulaya na udaktari wake wa historia ya kale. Alisomea Misri ya mafarao: nani kazikwa wapi, kichwa kimeelekezwa upande gani. Sisi watoto tulimwona mtu aliyekunywa chai na Farao mwenyewe. Wakubwa, thubutu! Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amefariki yeye akiwa huko huko. Alipopelekewa habari alijibu kwamba mtihani wake wa mwisho haungojei. Kwetu Unyakyusa msiba hauna udhuru; hata uliyegombana na marehemu unakwenda kulala mkekani. Na kaburi la mama hujengewa na kifungua mimba wake, basi la Bibi likaachwa hivyo hivyo, udongo mtupu katikati ya migomba, mvua ikalisawazisha.

Akaja na shada la maua ya plastiki, akaomba aonyeshwe. Hakuna aliyenyanyuka. Mama yangu, mdogo wake, aliendelea kumenya ndizi, akasema bila kuinua uso, "Wafalme wa Misri unajua walipolala mmoja mmoja. Mama yako mtafute mwenyewe." Watu wakacheka, nami nikacheka mno, maana ukatili wa wakubwa ni mtamu kwa mtoto. Wiki nzima Mjomba alizunguka migombani na viatu vyake vya ngozi, akibonyeza ardhi kwa fimbo, sisi nyuma yake tukiigiza mwendo wake. Siku ya kuondoka alipiga magoti matopeni mbele ya mama yangu. Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Asiyekuwepo na lake halipo, majirani wakasema, wakarudi kwao wameridhika.

Siku hizi Mjomba ni profesa mstaafu, na wanafunzi wake wametapakaa vyuoni. Migomba tuliing'oa, shamba zima ni miparachichi iliyopangwa kwa mistari. Mwaka jana mama, uzee umemlainisha, alimpigia simu mwenyewe: njoo, kaka, nikuonyeshe. Mjomba akaja siku ya pili yake. Nikawaona wazee wawili wameshikana mikono, mama akisimama kila baada ya miti michache, akitazama huku na huku, akigeuka. Mwisho aliketi chini, akalia kama mtoto. Hakupakumbuka tena.

Mjomba hakumwinua. Alimngoja amalize kulia.

"Sasa tuko sawa, mdogo wangu," akamwambia.