Walipokuwa Wakiniita Jikedume

Utoto wetu sisi wa vijiji vya nyuma ya Kagongwa ulikuwa wa vumbi, michembe na makatazo. Michembe ya viazi vikavu ilikaa mfukoni mwa sare. Tuliitafuna mwalimu akigeukia ubao, na utamu wa kiazi ukatufikisha hadi kengele ya kutoka. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka tukawa hatuuoni tena. Vijana wa leo umeme ukikatika saa moja wanatangaza msiba. Sisi giza ndilo lililotuamuru kwenda kuoga, na wengine hatukulitii.

Makatazo mengi yalikuwa ya wasichana. Usikalie kinu. Usipande paa. Usipige mluzi. Aliyekaidi aliitwa jikedume, na neno hilo liliuma kuliko fimbo. Lakini tazameni lilivyotumika. Msichana akitoka lamboni na ndoo kubwa kichwani, shingo imezama mabegani, hakuna aliyemwita jikedume. Akitwanga mpunga wa nyumba nzima na mdogo wake mgongoni, alisifiwa kuwa ametulia. Uzito wa kazi haukumpa mtu jina. Jina lilikuja pale tu aliposhika kazi waliyozoea kuiona mikononi mwa wanaume.

Mimi nililipata mwaka tuliofiwa na baba, mama akiwa ameshatangulia. Nilikuwa darasa la sita. Nyuma yangu kulikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, halafu Shija, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alisema nyumba isiyo na mwanamume wa kulima haiwezi kulisha watoto. Kulwa angeenda Geita kwa shangazi, Doto kwa ndugu wa Shinyanga mjini, Shija angemchukua yeye. Angerudi na mkokoteni mvua zikishakolea. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tusije tukafa njaa.

Shule nikaiacha wiki hiyohiyo. Nikatoa plau la baba, nikawafunga nira maksai wetu wawili, Kulwa akatangulia kuwaongoza. Hawakusogea. Niliwatukana, nikawabembeleza, Doto akawasukuma kwa nyuma akaambulia mkia wa uso. Asubuhi yote ikaishia palepale tulipoanzia. Shija, aliyekuwa amekaa kwenye tuta, akatoa kidole mdomoni.

"Dada, baba alikuwa anawapigia mluzi."

Kweli. Baba hakuwachapa maksai wake; aliwazoesha mluzi mrefu wa kwenda na mfupi wa kusimama. Nikatazama njiani. Mama Sayi, jirani yetu, alikuwa anapita na wenzake kutoka lamboni. Nikangoja wapite. Wao wakasimama kutazama. Basi nikakunja midomo, nikapiga.

Maksai wakaenda.

"Heee! Jikedume hilo!" Mama Sayi akapiga kofi. "Nani atakuoa wewe, mayu?"

"Aje tu," nikamjibu huku nakimbizana na plau, "ila atanikuta na watoto watatu tayari!"

Walicheka hadi maji yakawamwagikia, lakini jina halikuondoka nao. Wenzangu wa darasani nao wakawa wakipita na sare zao wananipigia mluzi kwa mbali. Sikuwajibu, wala sikulia mbele yao. Mtu anayelia hawezi kupiga mluzi, na mimi nilikuwa na jaruba la mpunga la kumaliza.

Baba mkubwa alirudi kama alivyoahidi. Alikuta majaruba yana maji na miche ya mpunga imeshika.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nani amewalimia?"

"Dada!" mapacha wakadakia.

"Dada yenu huyu? Kwa ng'ombe gani? Wale hawamsikii mtu."

"Amewapigia mluzi."

Baba mkubwa akashuka shambani. Akalizunguka jaruba zima, akibonyeza tuta kwa mguu, akitafuta penye kosa. Shija alisimama karibu na mkokoteni, nguo zake zimefungwa kwenye kitenge cha mama, hajui apande au asipande. Baba mkubwa alipomaliza kuzunguka alikichukua kile kifurushi, akakirudisha ndani mwenyewe.

"Mkokoteni usiwe umekuja bure," akasema alipotoka. "Pakieni samadi, tukaimwage kwenye mahindi yenu kabla sijaondoka."

Siku hizi binti wa Doto yuko Rwamgasa, anaendesha karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na hakuna anayegeuka kumtazama. Jikedume ni neno analolisikia kwangu tu. Wasichana wa rika lake wana lao, mwanamke wa shoka, nao huliandika chini ya picha walizopiga wakitoka saluni, wenye kucha ambazo shoka lenyewe zisingelishika. Nawacheka, lakini nafurahi kwamba sifa imewafikia mapema. Sisi ilitupita ikaenda kuwangoja wao.

Ila kuna kitu hawatakijua. Tulikula sahani moja, mikono minne ikigombania mboga ya nsansa, na aliyechelewa alilamba ukingo. Sasa Kulwa yuko Kambarage, Doto machimboni, Shija ana nyumba yake Kahama, na kila mtu ana sahani yake. Hakuna aliyewatenganisha, wameondoka kwa heri, mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyewafungia mizigo. Lakini mkono wangu umekataa kujifunza. Kila jioni nasonga ugali wa watu wanne, halafu naanza kuita watoto wa jirani.