Mikono Niliyowapa Watu

Siku yangu ya kwanza katika atelye ya kuchora picha hapa Bunia, patroni, mwenye atelye, hakunipa burashi. Alinipa foto ya kitambulisho ya mzee mmoja aliyefariki Djugu, na penseli iliyochongwa kama sindano. "Piga karo," akasema. Karo ni miraba midogo: unachora mistari juu ya foto, unachora mingine mikubwa juu ya gunia la unga lililofuliwa na kupakwa rangi nyeupe, halafu unahamisha uso mraba kwa mraba. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa nimesoma shule ya primeri tu, na sikuamini kwamba kazi ile ningeiweza. Hata leo sina hakika.

Foto ya kitambulisho inaishia mabegani. Nikauliza mwili tutautoa wapi.

"Kichwa iko yake, mwili iko yetu," patroni akajibu. "Mwanaume, suti ya abakosti. Mwanamke, nguo ya kikwembe. Kila mutu kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Mikono utaangalia yako."

Basi nikaweka mkono wa kushoto juu ya goti langu, nikauchora. Wa kuume niliupata kwa kuutazama huohuo wa kushoto kwenye kioo. Miaka ikapita. Nilitumwa Mahagi-Port miezi michache kuandika majina kwenye mitumbwi ya wavuvi. Niliporudi nikaitwa shefu wa atelye, maana yake nilishika ufunguo. Mikono ilibaki ileile. Nisimwonee patroni: wajane waliondoka wakiwa wameridhika, na hakuna aliyelalamika.

Halafu, miaka ya themanini, akaja mama mmoja muuza maharage na foto ya mume wake. Mume alikuwa hai, mfanyakazi wa zamani wa machimbo ya dhahabu ya Bambu. Wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yao, na baba alikuwa na tabia ya kujificha wageni wakifika. "Nataka wamuone kwenye salon yetu, pale wageni wanakaa, hata kama yeye anakataa kutoka," mama akasema. Nikachora kama kawaida. Akafurahi, akabeba.

Kesho yake mume mwenyewe akaingia, picha kwapani, mkono wa kuume ndani ya mfuko wa koti.

"Fundi, hii mikono iko ya nani?"

"Yangu, Papa."

"Basi posa utapokea weye. Binti ni wako."

Kisha akautoa mkono. Kilibaki kidole gumba na kipande cha kile cha pili. Vingine vilichukuliwa na mashine ya kusaga mawe. "Miaka sita niko naficha huu mukono," akasema. "Sasa bibi yangu ananipita kuficha. Nichore vile niko."

Mke wake akafika mbio, jasho usoni. "Fundi, usimusikilize. Wale wageni watauliza vidole viko wapi mbele ya kuuliza binti iko wapi."

"Mama ndiye alileta foto," patroni akasema. "Acha vile iko."

Niliwaelewa wote. Mama alitaka kumkinga mume wake. Patroni alilinda neno la mteja. Mimi niliogopa kitu kingine: mkono ule sikuwa nao mwilini mwangu, na nilikuwa sijawahi kuchora wa mtu mwingine.

"Papa, kaa," nikasema. "Uweke juu ya goti."

Alikaa muda mrefu kabla ya kuuweka. Mama alisimama mlangoni akitazama barabara. Niliuangalia mkono ule mpaka nikasahau kuuonea huruma. Kile kidole gumba kilikuwa kimenenepa kwa kufanya kazi ya vitano. Nilipomaliza kuuchora juu ya ule wangu nilikuwa nimechoka, nikauacha mkono wa kushoto kama ulivyokuwa.

Mama akasogea, akatazama. Nilingoja matusi.

"Huu wa kushoto si wake," akasema polepole. "Kucha zake mimi ndiye nakata, yeye hawezi. Ya kidole gumba imepasuka katikati." Akaushika mkono wa kushoto wa mume wake, akauweka juu ya goti ili niuone.

Patroni akaendelea kukoroga rangi. Siku ya posa sikuwepo, lakini niliambiwa baba alikaa chini ya picha yake na kusalimia wageni kwa mkono wa kuume.

Sasa macho yangu yamechoka na nimeacha kazi. Wale niliowachora mwanzoni siwezi kuwarekebisha, na sijui kama niliwakosea au niliwafariji tu ndugu zao waliobaki. Kaye yangu, daftari ninaloandika kila jioni, haijaamua. Ila tangu siku ile, kila familia iliyoleta foto ya marehemu niliiuliza: mikono yake ilikuwaje? Mara nyingi walitazamana kwanza. Halafu mtoto mmoja alikuwa akisema, "Alikuwa anashika kikombe hivi," akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Wengine walikuwa wakiusogelea kuutazama kana kwamba ni wa marehemu. Ndio mkono huo niliochora.