"Kiasi" nilichofundishwa Iringa kilivyonikosesha mke Rujewa

Wakuu, kwema humu? Hii sio chai, ni yangu mwenyewe, na wapo watakaonitambua. Potelea mbali.

Nimekulia Iringa, familia ya Kilutheri. Kwenye kipaimara mwalimu alitukaririsha matunda ya Roho, la mwisho ni kiasi. Akafafanua kwamba kiasi ni kujitawala: usile ukavimbiwa, usicheke mpaka majirani wasikie, usiseme kila unachotaka.

Mimi nikalibeba neno hilo zima zima.

Nikapata kazi Rujewa, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Huko ndiko nilikokutana na Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko Usangu kutoka Shinyanga. Alikuwa analeta mpunga wa kwao mashineni.

Mwaka mzima nilimpenda, na mwaka mzima sikumwambia. Nilichoweza ni kumrusha foleni tu (wateja wengine mnisamehe).

Siku moja baba yake akanikaribisha chakula, nikaenda na pikipiki yangu. Ugali wa maana na maziwa ya mgando. Nikamega matonge matatu, nikanawa. Kwetu mgeni mwenye adabu hafakamii.

Mzee akaniuliza kama naumwa.

Baadaye Kabula akaniambia mzee kasema yule fundi anatuonea kinyaa. Nilitaka nirudi nikajieleze, nikajizuia.

Msimu wa mavuno Kabula akaja mashineni mikono mitupu, hana hata gunia.

"Fundi, Jumapili kuna wageni wanakuja kwa baba, watu wa Makongolosi. Wanakuja kwa ajili yangu. Wewe una neno?"

Wakuu, neno nilikuwa nalo, lilikuwa hapa kooni. Nikamjibu, "Mapenzi ya Mungu yatimie."

Akasema "haya," akaondoka. Nikarudi kwenye mashine najiona nimekomaa kiimani. Mjinga mimi.

Akaolewa Makongolosi.

Mwaka wa sita huu. Mwezi uliopita nikamkuta sokoni Mbalizi ananunua viazi, mtoto mgongoni. Tukasalimiana vizuri tu. Uvumilivu ukanishinda, nikamwambia kwamba nilimpenda.

Hakukasirika.

"Nilijua. Ndiyo maana nilimwomba baba asiwape wale wageni jibu kwa wiki mbili. Kila jioni nilikuwa nasikilizia pikipiki yako."

Akalipia viazi vyake, akaniaga.

Nimemkumbuka kila siku tangu hapo. Nikisikia binti anaongea Kiswahili cha Kisukuma mashineni, nageuka. Naumia, nisiwadanganye.

Nilichojifunza: kiasi ni kujizuia na baya unalolitamani. Mimi nilijizuia na jema, halafu woga wangu nikaupa jina la kanisani.

Wazee wa kanisa, wenye ndoa, Wasukuma wa humu, kwenu neno hili mnalitumiaje? Nisahihisheni, hata mkinicheka sawa.

Ila kama kuna mtu unampenda na hujamwambia, mpigie kwanza. Komenti utakuja kuandika baadaye.