Moshi wa Jiko Langu

Siku za gulio nauza chai na mahindi ya kuchoma hapa Mlola, na jiko langu nimeliweka ubavuni mwa banda umiza, hatua tatu kutoka mlangoni. Banda lenyewe ni mabati matupu, ndani mabenchi na televisheni moja. Wanaume wakimaliza kuuza kabeji na karoti zao hujibana humo kutazama mpira, na kama hakuna mpira, filamu za Kihindi zilizotafsiriwa. Kwa hiyo mimi nimewaona wanaume wa milima hii wakilia kuliko wake zao walivyowahi kuwaona.

Wanatoka macho mekundu. Wa kwanza atasema, "Mama, kuni zako mbichi hizi, utatupofusha!" Wa pili ana mafua. Wa tatu ameingiwa na vumbi, vumbi la mwezi wa saba jamani, ukungu umetushukia hadi magotini na ardhi inateleza! Kuna fundi baiskeli mmoja, jitu la miraba minne, alitoka akaja kuinama kabisa juu ya jiko langu ili moshi umpige usoni apate ushahidi. Nikamwambia, "Baba, usione haya, chochea na kuni." Nilikuwa nawamiminia chai na kuwaacha na uongo wao. Mwanaume ukimwambia umemwona akilia, hanywi tena chai kwako.

Nilikuwa nacheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu, na bora niuseme mapema. Mume wangu hakumlilia mtoto wetu. Tulimzika binti yetu wa kwanza, wa miaka tisa, na baba yake hakutoa hata chozi moja. Kwa miaka minane sikumsamehe.

Sikumgombeza. Nilimpikia, nikamfulia, na kanisani tulikaa benchi moja. Ila kuna kitu nilimnyang'anya. Tangu binti yetu azaliwe nilikuwa namwita mume wangu kwa jina la mtoto, Baba Fulani, kama tunavyoitana wote huku. Jina lenyewe sitaliandika hapa, ni letu. Siku ya kuanua matanga nikaliacha. Nikaanza kumwita kwa jina la mtoto wetu wa pili, wa kiume, na jirani akisahau akatamka lile la zamani namkata jicho mpaka ananywea. Mume wangu hakuuliza kwa nini. Alikuwa anaitika tu.

Hebu fikiri. Wanawake tuko chini tunapiga mayowe, mchungaji mwenyewe sauti inamkwama, na baba wa mtoto anazunguka anakaza kamba za turubai. Anapanga viti. Anakwenda jikoni kuwauliza wapishi kama chumvi imetosha. Chumvi! Udongo wa kaburi la mwanangu bado mbichi na yeye anaulizia chumvi! Watu wakamsifu, wakasema huyo ndiye mwanaume, kajikaza. Mimi nikasema moyoni, huyu ni gogo, nimezaa na gogo.

Na siku aliyokufa ilikuwa hivyo hivyo. Masika yale barabara ilikuwa imeporomoka, hata pikipiki hazipiti. Mtoto alishikwa na homa ya mapafu, siku mbili anakohoa, siku ya tatu akaamka anapumua kwa shida. Kulipopambazuka baba yake akambeba mgongoni, tukashika njia ya miguu kwenda hospitali, mimi nyuma na kikapu chenye chupa ya uji na nguo za kubadilisha. Mvua inatupiga, matope yanatuvuta viatu. Mwanzoni mtoto alikuwa anaitika, "Tate," anasema, yaani baba, maana nyumbani kwetu Kishambaa ndicho kinachotangulia, na mikono yake midogo imemkaba baba yake shingoni.

Njia nzima mume wangu alikuwa anaongea naye. Mara plamsi zikiiva atamchumia zile za juu kabisa. Mara mbuzi akizaa, kitoto ni chake, na jina atampa mwenyewe. Tulipofika kwenye daraja la magogo alisimama, akaniomba kanga yangu ya pili amfunge vizuri, kwamba njia inateleza. Nikampa. Alipomaliza kufunga nikanyoosha mkono nimguse mtoto shavu, naye akageuka upesi.

"Mwache, amelala," akasema. "Usingizi ni dawa."

Akaendelea na hadithi yake ya mbuzi. Mimi nimechoka, nimelowa chapachapa, nikamfokea aache domo atembee.

Hospitalini walimpokea wakaingia naye ndani. Haukupita muda mrefu daktari akatoka, akasema, "Mama, mtoto hatunaye." Nilianguka. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, na hakumuuliza daktari hata neno moja. Ameletewa habari ya kifo cha mwanawe na hana swali! Aliikunja kanga yangu mara nne akanirudishia. Nami katika msiba wote nilijifariji kwa neno moja, nikalirudia kwa kila aliyekuja kunipa pole, kwamba angalau mwanangu alifia kitandani, pakavu, mikononi mwa daktari, si njiani kwenye mvua.

Haya. Mwaka jana, siku ya gulio, mume wangu alishuka na magunia mawili ya karoti. Yeye si mtu wa banda umiza hata kidogo. Lakini karoti ziliisha mapema na mvua ikaanza, akaingia humo kujisitiri, mimi nikabaki chini ya turubai langu nikigeuza mahindi. Ndani filamu ilikuwa inaendelea. Kwanza nilisikia vicheko, kisha kimya, kisha vile vikohozi vya wanaume wanaojifanya wana makohozi. Nikajua leo kuni zangu zitalaumiwa.

Wakaanza kutoka. Mafua. Moshi. Mmoja kaumwa na mdudu jichoni, haya baba, pole na mdudu. Halafu akatoka mume wangu.

Alikuwa analia waziwazi. Mabega yanamtikisika, machozi yanashuka mpaka kwenye kola ya koti na hayafuti. Hakusema moshi. Alikuja akasimama mbele ya jiko langu, akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo.

Mungu wangu, nilivyopandwa! Miaka minane yote ilinijia mdomoni mara moja.

"Wewe," nikamwambia, na sauti sikuipunguza. "Mwanangu hukumlilia. Leo umekuja kumlilia Mhindi wa kwenye televisheni?"

Aliyekuwa anatafuna hindi aliacha kutafuna. Mama wa ndizi, upande wa pili wa njia, akashika mdomo. Mume wangu akachukua magunia yake matupu na kushika njia ya nyumbani kwenye mvua. Nilimwona mgongo tu. Nikajifanya namimina chai, na chai ikajaa kikombe ikamwagika mkononi kwangu, wala sikusikia moto.

Mzee seremala alikuwa amesimama karibu. Yeye ndiye aliyelichonga lile jeneza dogo la binti yangu, na siku hiyo naye alikuwa ametoka bandani macho yamemvimba.

"Mwanangu," akaniambia, "umemvua nguo mwenzio sokoni."

"Unisamehe, mzee wangu. Lakini na wewe ulikuwepo msibani, ulimwona."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kitanda hicho nakilalia mwaka wa ishirini sasa, mzee!"

"Basi kunguni wako upande wake." Hakutabasamu. "Wanairudia ile filamu kwa waliochelewa. Ingia ukatazame. Jiko nitakuangalizia."

Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni kwa sababu ya lile jeneza. Nilijifunga kanga, nikaingia banda umiza kwa mara ya kwanza, mwanamke peke yangu, na wanaume wakasogea kunipisha bila utani wowote.

Filamu ilikuwa ya baba mmoja mfyatua matofali, maskini, anaishi nchi kame mbali na mji. Mtoto wake wa kiume anaumwa na nyoka. Baba anambeba mgongoni kumkimbiza kwa mganga, lakini mganga hayupo, ikabidi arudi naye nyumbani kwa mama yake kabla sumu haijamaliza kazi. Mtafsiri wa filamu hizi ana mazoea ya kuchomeka utani wake, mara huyu anafanana na mjomba wangu, mara yule hajaoga. Nikasema, hiki ndicho kilicholiza soko zima?

Kisha mikono ya mtoto, iliyokuwa imemshika baba yake shingoni, ikaachia. Ikaning'inia.

Yule baba akasimama. Mtafsiri akanyamaza. Baba akafungua kilemba chake taratibu, akamzungushia mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani, akalivuta likakaza. Halafu akaanza tena kutembea, huku anamsimulia mtoto habari za tiara watakayoirusha kesho. Akakaribia kijiji. Mama akatoka mbio, mikono mbele, anataka kumshika mtoto, na baba akageuza mgongo.

"Mwache," mtafsiri akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Amelala."

Wanaume walilia pale ndani, jamani. Fundi baiskeli yule alijifunika uso kwa kofia akawa anakoroma kwa kilio, na hapakuwa na moshi wa kusingizia. Mimi sikulia. Nilikuwa kwenye daraja la magogo. Naiona kanga yangu ya pili, naona anavyoipitisha, anavyolivuta fundo. Mtoto aliyeshika mwenyewe hafungwi. Nimezaa watoto wawili na kuwabeba, nilijua hilo, na bado sikuliona. Kutoka daraja lile mpaka hospitali ni saa nzima na zaidi, tena kupanda. Saa nzima anasimulia habari za mbuzi, nami nyuma yake namwambia aache domo.

Sikungoja mwisho. Nilimpita mzee seremala nikamwambia aliache jiko lizimike lenyewe, akaniitikia kwa kichwa tu. Nikapanda kwetu.

Mume wangu alikuwa kwenye banda la mbuzi, anakata majani. Hakugeuka.

"Ilikuwa darajani?" nikamuuliza.

Hakuuliza ninaongelea nini. Aliweka panga chini.

"Kabla kidogo ya daraja," akasema. "Nilisikia pumzi yake ikikatika mgongoni. Darajani ndipo mikono ilipoachia."

"Na hadithi ya mbuzi?"

"Ningenyamaza ungejua."

"Si ungeniambia? Mimi mama yake!"

"Ungekaa chini pale kwenye matope, usingenyanyuka." Alikuwa anazitazama nyasi mkononi mwake. "Mvua ilikuwa kubwa. Nisingeweza kuwabeba wawili."

Nilishika nguzo ya banda. Nikamwambia, sawa, siku ile sawa, lakini miaka minane? Nimekutesa miaka minane, nimekutukana leo mbele ya soko, na wewe umeziba mdomo?

"Ulikuwa unawaambia watu alifia kitandani," akasema. "Pakavu. Kila aliyekuja ulimwambia hivyo, na ukishasema unatulia kidogo, unakunywa hata maji. Nikaona nikianza kulia sitaweza kuacha, na katikati ya kilio nitalisema. Kwa hiyo nikatafuta kazi. Turubai, viti. Nisikunyang'anye na hicho."

Nilikaa kwenye majani ya mbuzi, nikalia kilio ambacho sikulia hata makaburini, maana makaburini nilimlilia mtoto tu. Yeye akaja akachuchumaa mbele yangu, uso umelowa tena, hajui aweke wapi mikono yake. Nilitaka kusema nisamehe, na neno lenyewe nikaliona dogo.

Nikamwita. Nilimwita kwa lile jina, Baba na jina la binti yetu, ambalo kinywa changu hakikulitamka mbele yake kwa miaka minane. Nikalirudia.

"Naam," akaitika. "Naam, mama yake."