Congo Niliyoipunguza

Mimi ni mwalimu wa shule moja ya Nyakasanza, hapa Bunia, na wiki iliyopita niligombana na kitabu cha jiografia. Nilichora vimraba juu ya ramani ya ukutani, wanafunzi wakavihesabu ili tupate eneo la nchi yetu. Jibu likawa dogo sana kuliko lile la kitabuni. Tukahesabu tena mara tatu, wapi!

“Kitabu kinadanganya!” nikafoka. “Serikali itagawa barabara na shule namna gani kama haijui ukubwa wa inchi yetu?”

Kwa hasira nikamwandikia inspekta wa shule barua kali. Leo asubuhi akaja mwenyewe, muzee mpole. Alitazama hesabu zetu, akatazama ramani, kisha akaomba tusogeze kabati la vitabu, lile nililolisukuma pale mwenyewe wakati wa likizo. Nyuma yake ramani ikaendelea hadi baharini.

“Mwalimu,” akasema, “Kinshasa iko huku nyuma. Kwako weye, inchi inaishia wapi?”

Wanafunzi wote walinitazama.

“Ku kabati, inspekta,” nikajibu.