Kabichi za Mbuzi wa Koko

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na huikumbuka kila nionapo kabichi zikiozea shambani. Kitengela ilikuwa bado mji mdogo. Kando ya mto, mashamba ya kumwagilia yalijaa kabichi zilizokosa mnunuzi. Ukipita Kisaju kidogo tu, ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ukame na watu walilala njaa. Mimi na Mutua, dereva wa pikapu ya kanisa, tuliziomba zile kabichi tukazipeleka huko.

Boma la kwanza lilikuwa la bibi mmoja tuliyemwita Koko, ndivyo Wamasai wanavyomwita nyanya. Alikuwa amebaki na mbuzi mmoja wa maziwa, na mjukuu aliyekonda hadi hakuweza kulia kwa sauti.

"Takwenya, Koko," nilimsalimu.

"Iko," akaitikia kwa Kimasai.

Akapokea kabichi, akaipasua kwa panga, akamwekea mbuzi.

Mutua alipandwa na hasira. "Koko! Hiyo ni chakula ya watu! Wengine wanalala njaa, wewe unalisha mbuzi?"

"Wewe umekuja na mafuta ya kupikia?" Koko akamuuliza. "Umekuja na maji? Huyu mtoto hajui kutafuna majani yako. Yeye anajua maziwa. Na mbuzi yangu iko karibu kukauka."

Mutua akaanza kurudisha kwenye pikapu magunia ya kabichi tuliyoshusha. Nilisimama kati yao, nimechoka, vumbi mdomoni, nikijua kwamba mbuzi yule akikauka, mtoto naye hataishi.

"Shusha," nikamwambia. Alishusha huku akinung'unika.

Tulirudi wiki iliyofuata. Tukiwa bado nje ya boma tulimsikia mtoto akilia kwa nguvu, na sijawahi kufurahia kilio namna ile. Koko akatupatia chai, maziwa yakionekana kidogo tu. Mutua akasita kuipokea.

"Kunywa, dereva," Koko akasema. "Hiyo ni kabichi yako."

Nimebeba mboga miaka mingi tangu hapo, na mgongo umechoka. Ukame hurudi, na kabichi huozea palepale. Siku hizi sijiulizi tena haya yatakwisha lini. Ila wewe, mwanangu, ukibeba, beba kabla hazijanyauka. Waulize kwanza wenye njaa wanakula nini na watakipikia nini. Na ukishawapa, usikae pale kuwasimamia.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu kuliko wangu, na katika boma lako mbuzi asikauke.